Vyuo viwili, maabara moja: historia inatuambia nini watu wa Kasulu na Kibondo?

Haya wadau, mwidiwe! Kwa wasiojua, hiyo ndiyo salamu yetu sisi Waha, na ukiisikia ndani ya daladala pale Ubungo ujue mtu wa Kigoma kapanda. Nimekuwa kimya wiki mbili. Bumu lilichelewa, majaribio yakafuatana kama mabehewa ya treni ya Kigoma, na kichwa kilikuwa kimechoka. Lakini kuna jambo linaniwasha tangu nitoke fildi, na leo usiku nimeona bora niliandike lote nilale.

Sisi tunaosoma shahada ya elimu, wengine wetu hatupangwi sekondari kwenye mazoezi ya kufundisha. Tunapelekwa vyuo vya ualimu. Mimi nikaangukia chuo kimoja cha serikali huku huku kwetu, nyanda za juu za Kigoma. Nilifurahi mno, maana kutoka hapo hadi nyumbani Kibondo ni safari ya gari moja tu, na asubuhi kuna kile kibaridi ambacho mtu wa Dar hakijui. Jina la chuo sitalitaja, mtanisamehe, na wala haitasaidia kitu.

Sasa, nyuma ya chuo kile kuna uzio wa minyaa, na ng'ambo ya uzio kuna chuo cha ualimu cha binafsi. Ni majirani hasa. Kengele ya huku wanaisikia kule. Cha serikali kina maabara ya kemia ya maana: meza zimejengwa, makabati yapo, byureti na pipeti zipo. Kisichokuwepo ni nafasi na watu. Mabweni yamejaa, na mkufunzi wa kemia alikuwa amebaki mmoja kwa sababu mwenzake yuko masomoni. Cha binafsi hali ni kinyume. Kuna bweni zima halina mtu, kuna mkufunzi kijana wa kemia anayependa kazi yake, lakini chumba wanachokiita maabara ni meza mbili, jiko la gesi na picha ya jedwali la elementi ukutani.

Basi mkuu wa chuo kile cha binafsi akaandika barua. Akapendekeza ushirikiano: wanachuo wake watumie maabara siku mbili kwa wiki, na yeye atoe bweni na yule mkufunzi wake kwa vipindi kadhaa. Barua ikajadiliwa kwenye kikao cha wakufunzi, mimi nikiwa kwenye kona karibu na birika la chai, mwanafunzi wa fildi asiye na kura. Wengi walionekana kuitaka. Ndipo mzee mmoja aliyebakiza muda mfupi astaafu akakohoa, akasema: "Vijana, haya tulishayaona. Mwanzoni mtakula sahani moja, mwishoni mtagombania nani aioshe." Watu wakacheka. Barua ikaingia kwenye faili, na faili nadhani bado lipo kabatini.

Mngeniuliza inanihusu nini. Inanihusu hivi: mdogo wangu wa kike anasoma kwenye kile chuo cha binafsi. Yuko mwaka wa pili wa stashahada, anachukua kemia na biolojia. Baba aliuza ng'ombe wawili na gunia za kahawa kulipa ada. Mtihani wa Taifa ni Mei, na ndani yake kuna karatasi ya vitendo. Huyu binti anajua milinganyo yote kwa kichwa, lakini hadi mimi nafika fildi alikuwa hajawahi kufungua koki ya byureti kwa mkono wake mwenyewe.

Kwa hiyo maneno ya yule mzee, "tulishayaona", yalinikaa kooni. Tuliona nini? Lini? Nilipokuwa nyumbani nikamuuliza babu, na niliporudi hapa Mlimani nikashinda maktaba. Haya ndiyo niliyoyapata.

Tuanze mbali kidogo. Vita Kuu ya Kwanza ilipofika kwetu mwaka 1916, Wabelgiji waliwatoa Wajerumani Kigoma, wakakaa hadi 1921 ndipo eneo likaingia rasmi chini ya Mwingereza. Mwingereza akarithi nchi ambayo shule zake nyingi hazikuwa za serikali. Zilikuwa za misheni. Serikali haikuwa na walimu wala fedha za kufungua shule kila mahali, na misheni walikuwa na shule nyingi ambazo kwa kweli nyingine zilikuwa vibanda vya nyasi vya kufundishia katekisimu na kusoma kidogo.

Mwaka 1924 ikapita tume ya Phelps-Stokes kutoka Marekani, ambayo ndani yake alikuwemo James Aggrey, Mwafrika wa Gold Coast, nchi ambayo leo ni Ghana. Tume ikashauri serikali na misheni wafanye kazi pamoja. Oktoba 1925 wakakutana Dar es Salaam, serikali upande mmoja, wamisionari upande mwingine, wakakubaliana. Huo, kwa maoni yangu, ndio ubia wa kwanza rasmi wa umma na binafsi katika elimu ya nchi yetu, miaka 100 kamili kabla mimi sijakaa karibu na lile birika, au tuseme takribani.

Masharti yalikuwa hivi. Shule ya misheni ikifuata mtaala wa serikali, ikikubali kukaguliwa, na ikiwa na mwalimu mwenye cheti, serikali inatoa ruzuku ya kusaidia mishahara. Isiyotimiza haipati. Kwenye karatasi inapendeza. Lakini fikiria nani angeweza kutimiza. Misheni iliyokuwa tayari na chuo cha ualimu, kule Kilimanjaro au Bukoba, ilikuwa na walimu wenye vyeti, ikapata ruzuku, ikaongeza walimu, ikapata ruzuku zaidi. Kibanda cha nyasi cha Buha hakikuwa na mwalimu mwenye cheti, hakikupata kitu, kikabaki kibanda. Aliye nacho akaongezewa.

Na wakati huo sisi Waha tulikuwa na kazi nyingine tuliyopangiwa. Buha ilikuwa ghala la vibarua. Baada ya 1944 wenye mashamba ya mkonge walikuwa na shirika lao la kuajiri, SILABU, na malori yakawa yanakusanya vijana kuwapeleka Tanga na Morogoro. Manamba. Babu mzaa mama alikwenda, akarudi na baiskeli na kikohozi. Mkoloni hakuwa na haraka ya kujenga vyuo mahali ambapo anachohitaji ni mikono ya kukata mkonge. Hata hivyo tusiseme hakukuwa na kitu. Mwaka 1946, mwaka ule ule Mwami Theresa Ntare aliposhika utawala wa Heru, Kanisa Katoliki lilianzisha vikariati ya Kigoma, ikawa jimbo mwaka 1953. Waanglikana nao mwaka 1966 wakaweka makao makuu ya Dayosisi ya Western Tanganyika pale Kasulu. Shule zikaongezeka, pole pole.

Somo la kwanza nililoandika kwenye daftari: ubia ukimlipa aliye tayari tu, unapanua pengo lililokuwepo. Tulikumbuke hilo tukifika mwisho.

Sasa tuje kwa babu mzaa baba. Huyu ni mwalimu. Alimaliza darasa la nane, akasoma ualimu miaka miwili, akatoka na daraja C, na mwaka 1963 akaanza kufundisha shule ya misheni upande wa Kibondo. Anasema mshahara alikuwa anaupokea mkononi mwa padre, ndani ya bahasha, ingawa sehemu kubwa ya fedha ile ilikuwa ruzuku ya serikali. Padre ndiye aliyemwajiri, padre ndiye angeweza kumfukuza akionekana kilabuni Jumapili. Wakati huo sheria ya elimu ya 1961 ilikuwa imeshafuta mgawanyo wa shule za Wazungu, Wahindi na Waafrika, lakini mgawanyo wa dini haukufutika kwa kalamu. Babu anamkumbuka mtoto wa mfanyabiashara mmoja Mwislamu aliyeletwa shuleni na baba yake, akapokelewa, na kufikia mwisho wa mwaka alikuwa anaitwa jina jingine. "Baba yake akamchukua," anasema babu. "Mimi ningemchukua pia."

Halafu ikaja Sheria ya Elimu ya mwaka 1969. Azimio la Arusha na Elimu ya Kujitegemea vilishatangazwa mwaka 1967, na sasa serikali ikachukua shule za mashirika ya dini zilizokuwa zikipewa ruzuku, pamoja na vyuo vya ualimu. Seminari zikaachwa kwa wenyewe. Babu analisimulia kwa sentensi moja tu: "Nililala mwalimu wa padre, nikaamka mwalimu wa serikali, ubao ule ule."

Nilimuuliza, babu, ilikuwa vizuri au vibaya? Hakunipa jibu la mtihani. Alisema vizuri vilikuwa vingi. Mshahara ukawa wa uhakika, akapata haki ya pensheni, akaweza kuhamishwa, na yule mtoto wa Kiislamu, au mdogo wake, akarudi shuleni kwa jina lake. Hilo peke yake, anasema, lilitosha. Tunaosoma historia ya elimu darasani tunapenda kubishana kama kutaifisha kulikuwa kosa, na kuna washikaji hapa hosteli wanaweza kukesha wakibishana. Nadhani asiyekumbuka jinsi elimu ilivyokuwa imegawanyika kwa dini na kwa mkoa kabla ya 1969 hawezi kuelewa kwa nini Mwalimu Nyerere alifanya vile.

Lakini kulikuwa na paa. Hili la paa naomba mlisome vizuri, maana kwangu ndiyo habari yenyewe. Shule ya babu ilijengwa na misheni, juu ya kiwanja cha misheni. Baada ya 1970 ilikuwa shule ya serikali. Siku moja upepo ukaezua bati za darasa la tatu. Padre akasema shule ni ya serikali, serikali itaezeka. Afisa elimu akasema jengo ni la misheni, misheni iulizwe. Barua zikaenda, barua zikarudi. Masika ikaingia. Mwishowe wanakijiji wakakata nyasi wakaezeka wenyewe, na darasa la tatu likakaa chini ya nyasi miaka minne, katikati ya shule ya bati. Na kabati la vitabu la padre? Lilifungwa, ufunguo ukaondoka na padre aliyehamishwa, na lilipokuja kuvunjwa mchwa walikuwa wameshamaliza kusoma.

Hakuna mtu mbaya kwenye kisa hiki. Kila mmoja alisema ukweli wake. Tatizo ni kwamba siku ya kukabidhiana hakuna aliyeuliza paa ni la nani.

Somo la pili, basi.

Baada ya hapo serikali ikaubeba mzigo karibu peke yake. Novemba 1974 likapitishwa Azimio la Musoma: elimu ya msingi kwa wote ifikiwe 1977 badala ya 1989 iliyokuwa imepangwa awali. Walimu wangetoka wapi? Wakachukuliwa vijana waliomaliza darasa la saba, wakawa wanafundisha na kujifunza ualimu humo humo vijijini, bila kwenda chuoni kwa miaka. Ndio walimu wa UPE. Tumewacheka sana hawa wazee, lakini wengi wetu wa Kibondo wazazi wetu walifundishwa kusoma na wao. Kisha miaka ya 1980 uchumi ukaanguka, vitabu vikaadimika, na serikali yenyewe ikaanza kutazama tena ng'ambo ya uzio.

Mfano mkubwa uko Mwanza. Hospitali ya Bugando ilijengwa na Kanisa Katoliki, ikafunguliwa 1971, ikataifishwa 1972. Mwaka 1985 serikali na Baraza la Maaskofu wakaandikiana mkataba: kanisa linarudi kuwa mwenye hospitali na kuiendesha, serikali inaendelea kulipa watumishi na kutoa fedha za uendeshaji. Tangu mwaka 2003 pana na chuo kikuu cha tiba ndani yake. Nimewahi kulazwa pale na shangazi yangu kajifungulia pale, na hakuna aliyetuuliza kama tumelazwa kwenye kitanda cha umma au cha askofu. Tofauti ya Bugando na shule ya babu siyo upendo, ni karatasi. Pale iliandikwa nani analipa nini.

Tarehe 21 Februari 1992 serikali ikatia saini hati ya makubaliano na makanisa, Baraza la Maaskofu Katoliki na Jumuiya ya Kikristo, kuhusu huduma za afya na elimu. Hati hiyo imezua maneno hadi leo. Waislamu wengi waliuliza, na wana haki ya kuuliza, mbona hati ni ya upande mmoja? Ni swali lile lile la 1925 limerudi kwa kanzu nyingine: unamsaidia aliye tayari, na asiye tayari je? Mwaka 2005 kikafunguliwa Chuo Kikuu cha Waislamu Morogoro, kwenye majengo yaliyokuwa chuo cha mafunzo cha TANESCO, ambayo serikali ya Rais Mkapa iliyatoa. Mali ya umma, chuo cha binafsi, na wanafunzi wa dini zote wanasoma. Kwa hiyo mtu asiniambie kwamba majengo ya serikali hayawezi kutumiwa na chuo binafsi. Yameshatumika.

Na wala hatuna haja ya kwenda Morogoro. Nendeni Kabanga, hapo hapo karibu na Kasulu mjini. Kuna hospitali ya kanisa na chuo chake cha uuguzi, na kuna Chuo cha Ualimu Kabanga cha serikali. Walimu wa kesho na wauguzi wa kesho wanapanda bodaboda zile zile na kununua ndizi kwa mama yule yule. Kwenye afya nchi hii imeshazoea kwamba serikali inaweza kupeleka daktari wake kwenye hospitali ya kanisa akalipwa na serikali, na mgonjwa akatibiwa. Kwa nini mkufunzi wa kemia asivuke uzio wa minyaa akaonekana hajasaliti mtu?

Kuna historia nyingine ya ushirikiano huku kwetu ambayo hamuwezi kuiruka, ya wakimbizi. Baada ya Rais Ndadaye kuuawa Burundi Oktoba 1993, watu walivuka mpaka kwa maelfu kwa maelfu. Mwaka 1996 wakaja Wakongo, ikafunguliwa Nyarugusu kule Makere. Kibondo tukawa na Mtendeli, Nduta, Kanembwa na nyingine. Mashirika yakaja na magari meupe, shule zikajengwa kambini, walimu wa Kirundi na wa Kikongo wakafunzwa. Vijana wetu wakapata ajira za udereva na ukarani. Halafu? Mtabila ikafungwa mwishoni mwa 2012. Baada ya vurugu za Burundi za 2015, Nduta na Mtendeli zikafunguliwa upya, na Mtendeli ikafungwa tena 2021. Kila kambi ikifungwa, mradi wa elimu unafungwa nayo, magari meupe yanaondoka, kinachobaki ni kibao kilichopauka. Sisemi hawakufanya kitu, walifanya mengi. Nasema ushirikiano wenye pumzi ya mfadhili unaishia pumzi yake inapoishia. Majirani wa uzio mmoja hawaondoki. Hiyo ni nguvu ambayo hatuithamini.

Tukija karibu zaidi. Mwaka 2002 ukaanza MMEM, mwaka 2004 MMES, shule za kata zikaota kama uyoga, na walimu hawakuwepo. Ndipo wakapatikana wale waliomaliza kidato cha sita, wakapewa mafunzo ya mwezi mmoja hivi, wakapelekwa darasani. Wananchi wakawaita "voda fasta". Mimi nimefundishwa na mmoja wao aliyejiendeleza baadaye, na alikuwa mzuri kuliko wengi. Vyuo binafsi vya ualimu navyo vikafunguliwa kila kona, kwa sababu mwalimu alikuwa na uhakika wa ajira. Kisha Juni 2016 serikali ikasimamisha ajira mpya ili kuhakiki watumishi, na mzazi ambaye hana uhakika wa ajira halipi ada. Ndiyo maana mabweni mengine ni matupu mpaka leo.

Mwaka huo huo wa 2016 kulitokea jambo ambalo kila mwenye wazo la ushirikiano alisome. Chuo Kikuu cha Dodoma kilikuwa kimepokea vijana zaidi ya 7,000 wa stashahada maalumu ya ualimu wa sayansi. Nia njema kabisa, nchi haikuwa na walimu wa sayansi. Lakini wahadhiri wakawa na mgogoro wa malipo ya kufundisha programu ile, vipindi vikasimama, na Mei vijana wakaambiwa warudi nyumbani. Baadaye baadhi yao wakagawanywa kwenye vyuo vya ualimu vya serikali. Mkiangalia, ni kisa cha bati tena. Madarasa yapo, wanafunzi wapo, ila saa za ziada za mwalimu hazikuwa na mwenyewe.

Sasa turudi kwenye uzio wa minyaa. Nilichowaficha ni kwamba, barua ilipoingia kabatini, mambo hayakuishia pale. Yule mkufunzi mmoja wa kemia wa chuo cha serikali na yule kijana wa chuo binafsi ni marafiki, wanacheza bao pamoja jioni. Wakaomba ruhusa ya mdomo, wakapewa ya mdomo. Jumamosi, wanachuo 10 wa kule wanavuka, wanafanya titresheni, wanarudi. Kemikali wanakuja nazo. Mdogo wangu alikuwa mmoja wao. Mimi nilikuwa nafua mirija na kukaa pembeni kama mlinzi. Jumamosi ya kwanza alipitiliza rangi mara tatu, lile jipya la waridi iliyokolea kama soda. Jumamosi ya tatu akapata rangi hafifu kabisa, ile yenyewe, tone moja. Akageuka akanitazama, hakusema kitu. Nami sikusema.

Jumamosi ya nne byureti ikavunjika. Siyo yeye, ni mwenzake, na haikuwa uzembe, kibanio kilikuwa kimelegea. Jumatatu likawa jambo. Nani analipa? Chuo cha binafsi kikasema hakina makubaliano yoyote na mtu. Chuo cha serikali kikasema kifaa cha serikali hakiwezi kufidiwa kwa fedha ya mfukoni bila maandishi. Wakufunzi wote wawili walikuwa tayari kuchanga. Haikuwezekana. Jumamosi zikasimamishwa. Yule mzee wa kikaoni alinipita koridoni, hakunicheka, alitikisa kichwa tu.

Nilipomsimulia babu kwa simu alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza: "Kwa hiyo tena hamkuuliza paa ni la nani?"

Ndiyo maana naandika. Yule mzee alisema kweli kwamba tulishayaona, ila nadhani alichukua somo nusu. Tulichokiona tangu 1925 siyo kwamba umma na binafsi hawawezi kukaa pamoja. Wamekaa Bugando, wamekaa Morogoro. Tulichokiona ni kwamba wanashindwana juu ya vitu vidogo ambavyo hakuna aliyeviandika. Kwa hiyo kama barua ile itatolewa kabatini, mimi mwanafunzi asiye na kura napendekeza iwe na mambo haya.

Kwanza, vifaa vihesabiwe kwa pamoja mwanzo wa muhula, na kuwe na mfuko mdogo wa pamoja wa vitakavyovunjika, bila kutafuta mchawi. Pili, vipindi vya ziada vya mkufunzi viandikwe na ijulikane nani analipa, ili tusirudie ya 2016. Tatu, bweni likitolewa, iandikwe nani anatengeneza bomba na nani anaezua na kuezeka. Nne, mwanachuo asitozwe ada ya kuvuka uzio. Ukitoza, wenye ng'ombe watavuka na wasio na ng'ombe watabaki na picha ya jedwali, tutakuwa tumerudi kwenye ruzuku za mkoloni. Tano, iandikwe tukiachana itakuwaje, na kwamba hakuna kuachana katikati ya muhula. Sita, isainiwe na wenye mamlaka. Mkuu wa chuo cha serikali hawezi kutoa maabara kama anatoa jembe lake, iko wizara juu yake. Sheria ya ubia wa sekta ya umma na binafsi ipo tangu 2010, ingawa kwa byureti na kitanda nadhani hati ya kurasa mbili inatosha.

Na haraka ipo. Sera ya elimu ya 2014, toleo la 2023, inataka elimu ya lazima iwe miaka 10. Maana yake watoto wote wa Mabamba, Makere na Heru Juu watapita kwenye sekondari, na watahitaji mwalimu wa kemia aliyewahi kushika byureti. Umeme wa gridi ya Taifa umeshafika Kibondo na Kasulu, lami nayo imefika pale ambapo zamani basi lililala njiani siku mbili. Visingizio vinapungua.

Mdogo wangu ana Jumamosi tatu tu za vitendo maishani mwake, na Mei haisubiri. Juzi kanitumia meseji kwamba anafanya mazoezi ya kufungua koki kwa bomba la maji la bwenini, tone moja moja, wenzake wanamwona kichaa. Nikacheka, halafu sikucheka tena.

Kama kuna mdau yuko karibu na lile kabati, tafadhali alifungue. Lile la padre tulichelewa kulifungua.

Haya, usiku mwema, kesho saa moja nina kipindi. Panapo majaliwa tutaongea tena wiki ijayo.